Mzigo Hautuliwi Bila Neno la Mwenye Mali

Mwenyezi Mungu alimpa mzee mmoja vitu viwili kwa wingi, shingo na ukaidi, na bandarini vyote viwili vilimfaa. Wenzake walimwita Shingo. Tangu ndevu hazijamwota alibeba magunia kutoka melini mpaka kwenye maghala ya wafanyabiashara, yale majumba marefu ya mawe ambayo siku hizi watu huenda kupigia picha. Mahamali wa zama zake walikuwa na sheria moja: mzigo hautuliwi mpaka mwenye mali aseme "tua." Ukiutua kabla ya neno hilo, wewe si hamali tena, wewe ni punda, na punda mwenyewe atakucheka.

Baadaye zikaja mashine za kunyanyulia makontena, Shingo akarudi nyumbani na mgongo uliopinda kama ndoana. Daktari alimwambia gunia moja tu tena, utalala chali mpaka siku ya kufufuliwa. Mkewe hapo hapo akamwapisha asibebe kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Shingo akaapa, na kiapo akakishika vizuri sana, maana hakutokea wa kumjaribu.

Ndipo ghala kuu la zamani likafanywa makumbusho. Binti wa makumbusho akaja mpaka nyumbani.

"Babu, siku ya ufunguzi tunataka wageni waone mahamali walivyobeba. Utasimama na gunia begani mbele ya mgeni rasmi, yeye awe ndiye mfanyabiashara mwenye mali. Gunia tutalijaza sufi."

Mkewe akatokeza kichwa jikoni. "Sufi hii ya mito?"

"Sufi tupu, bibi."

"Haya. Hiyo hata mimi nabeba."

Neno hilo lilimchoma Shingo. Abebe mto? Mbele ya watu waliomjua? Asubuhi ya sherehe akawahi ghalani na rafiki yake Kipara, hamali mwenzake wa zamani, wakamwaga sufi yote nyuma ya mlango, wakajaza chumvi.

"Mkeo akijua?" Kipara aliuliza huku akimtwika.

"Nani atamwambia? Chumvi haina mdomo."

Mgeni rasmi akasimama kuhutubia, Shingo ubavuni mwake na gunia begani. Mgeni akasifu kuta. Akasifu milango. Akawasifu wafanyabiashara wa kale waliokuja na vitambaa na vyombo vya udongo, akawataja na mababu zao. Habari ya "tua" hakuijua kabisa. Shingo hakumwambia mtu, kwa kuwa hakudhani kuna mtu mzima asiyejua jambo hilo.

"Mtazame mume wangu anavyoigiza," mkewe alimnong'oneza jirani. "Mpaka jasho."

Kisha akaliona goti la kushoto. Goti lile amelikanda miaka na miaka, na anajua halina akili ya kuigiza. Akainuka.

"Mheshimiwa, samahani. Mwambie atue."

"Mama, ngoja kidogo, bado niko kwenye urithi."

"Na urithi wenyewe unataka kuanguka. Sema tua."

Binti wa makumbusho alikuwa ameshamfikia Shingo. "Babu, weka tu chini."

"Mwenyewe hajasema," Shingo alijibu, meno yameumana.

Mgeni rasmi akadhani ni sehemu ya mchezo. Akatabasamu, akasogelea kipaza sauti. "Tua."

Gunia likashuka kwa kishindo, likapasuka, chumvi ikajaa kwenye viatu vya mheshimiwa. Watu wakapiga makofi. Shingo peke yake hakunyooka. Alibaki ameinama vile vile, kama mtu anayetafuta sindano.

Mkokoteni haupiti kwenye vichochoro vya mtaa ule, kwa hiyo Kipara na wazee wengine watatu walimbeba mabegani mpaka kwake. Mkewe alikuwa ametangulia, amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Shemeji, tumweke wapi?" Kipara aliuliza akihema.

"Huo mzigo wa nani?"

Wazee wakatazamana. "Wako, shemeji."

"Basi ngojeni neno la mwenye mali. Mume wangu, gunia lilikuwa na nini?"

"Sufi," sauti ikatoka huko juu.

"Kipara, mnaweza kufika naye mwisho wa kichochoro na kurudi?"

"Shemeji, tunakufa."

"Nendeni polepole."

Wakaenda, sheria ni sheria. Waliporudi, aliyebebwa alikuwa ameshatukanwa kiasi cha kutosha na waliombeba.

"Chumvi," akasema.

"Na kuanzia leo utabeba nini?"

"Kikombe cha chai."

"Kimejaa?"

Shingo akafikiri. "Nusu."

"Tua," akasema mkewe, akaingia ndani kuchemsha maji ya kumkanda.