Nililiita Shimo la Vyura, Nikamponza Mama wa Watu

Nimekosa, na sina wa kumsingizia. Niliharibu kitu kilichodumu kuliko ukoo wangu wote ninaoujua, halafu nikamwachia mjane mzigo. Tena mjane aliyekuwa akinilisha! Ukimaliza kusoma nitukane, ni haki yako.

Naendesha basi hapa London, upande wa Lewisham. Mama Neema ni mtu wa Ifakara, tunasali kanisa moja. Alikuwa na kipande cha bustani ya kukodi huko pembezoni mwa jiji, akilima mchicha, maboga na figiri. Mumewe alipofariki, ile bustani ndiyo iliyomtoa kitandani. "Nikishika jembe nakuwa mtu," alikuwa akisema.

Nyuma ya bustani yake kuna uwanja wenye handaki lililozunguka pande zote nne, na kando yake mabonde mawili mafupi yenye tope na matete. Ngoja niwaeleze taratibu, maana siku ile mimi sikutaka kuelezwa. Zamani sana, enzi za mabwana wenye ardhi, tajiri alichimba handaki kuzunguka nyumba yake akalijaza maji, kwa ulinzi na kwa majivuno pia. Yale mabonde yalikuwa mabwawa ya samaki, kwa sababu siku za mfungo nyama ilikuwa mwiko. Nyumba haipo tena. Udongo ndio uliobaki na habari zake, na sheria inakataza mtu kuugusa. Si vigumu kuelewa, eti? Mtoto angeelewa. Mimi sikuelewa!

Mimi niliona shimo la vyura. Nimezaliwa Songea, baba alifuga perege, kwa hiyo nililitambua bwawa mara moja. Badala ya kustaajabu kwamba watu wa huku nao walichimba kama baba, nikawadharau.

"Wazungu wavivu hawa," nikamwambia Juma, dereva mwenzangu niliyekwenda naye kumtembelea Mama Neema. "Bwawa zuri hivi wamewaachia vyura."

Juma akacheka. "Kaka, na ubao wameweka! Wanalinda tope!"

Mama Neema naye alituonyesha ule ubao. "Wanangu, pale pameandikwa kitu. Someni kwanza."

Nikasoma neno moja, "scheduled", nikatosheka. Kwetu madereva neno hilo ni la kila siku: basi likiitwa hivyo, limo kwenye ratiba, linakuja. Nikamwambia, "Mama, hapa pamepangiwa kazi, ila mafundi hawajafika. Sisi tunawasaidia tu. Kiingereza hiki ndicho kinachonipa ugali!"

Kumbe kwenye mambo ya kale neno hilohilo maana yake mahali pamewekwa chini ya ulinzi wa sheria. Ubao wenyewe ulieleza hayo mstari wa pili. Sikuufikia.

Jumamosi tukachimba kwenye bonde mojawapo ili kuzibua mlango wa maji, tupandikize samaki. Chini kabisa sepetu ikagonga mlango wenyewe wa kale: mbao nyeusi, nzito, zilizoshikanishwa kwa vigingi bila msumari hata mmoja. Baba yangu angevua kofia. Mimi nikazing'oa kwa mtaimbo! Juma akazitupa kwenye moto tuliokuwa tukichomea mahindi. Hazikuwaka, zilifuka moshi tu, nasi tukazicheka. "Hata kuni hazifai!"

Ule moshi ukamvuta mwanamke anayetunza eneo lile. Hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye majivu, akaokota kipande cha ubao, akakifunika kwa koti lake kama vile kinasikia baridi. Kisha akauliza nani amechimba.

Juma alikwisha kukimbilia gari. Nikabaki mimi, bingwa wa Kiingereza. Mnajua nilijibu nini? Nilitikisa kichwa, nikajifanya sijui Kiingereza! Mimi ninayebishana na abiria kwa lugha hiyo kutwa nzima!

Mwanamke yule akamgeukia mwenye bustani. Mama Neema akanitazama mimi kwanza, akisubiri niseme. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa mabuti ya mpira. Hayana kamba.

Basi akajibu yeye, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: bustani yangu, kosa langu, samahani.

Akaitwa kuhojiwa na maofisa wa mambo ya kale, mama wa watu! Na bustani akanyang'anywa na waliomkodishia.

Baadaye nilikwenda kwa maofisa wale kusema ukweli. Msinipe sifa. Nilikwenda kwa sababu Neema, binti yake, alinipigia simu akilia kwamba mama hataki kuamka. Walinisikiliza, kesi ikahamia kwangu, na mpaka leo sijui itaishaje. Lakini bustani ilikwisha kupewa mtu mwingine. Mchicha aliung'oa, akapanda maua.

Jumapili nikikutana na Mama Neema mlangoni mwa kanisa, nampa shikamoo. Zamani ilikuwa, "Marahaba mwanangu, umekula?" Siku hizi ananijibu, "Good morning, sir," kwa adabu zote, kama wanavyonisalimia abiria wasionijua. Kisha anapita.

Wenzangu, hasa ninyi mnaodhani mmeijua nchi hii kwa sababu mnajua njia zake: usilodharau kwenu usilidharau kwa watu. Usipoelewa, uliza, wala usione haya. Ukiniuliza hata mimi nitakueleza kwa moyo mmoja, tutarudia mpaka uelewe. Ubao usome hadi mwisho.

Na ukishaharibu, sema "ni mimi" palepale, kabla mtu mwingine hajayasema kwa niaba yako. Ni maneno mawili tu. Kiingereza chake hata mtoto wa chekechea anakijua.