Siku Niliyojipaka Upupu Mbele ya Baba

Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani na cherehani, masanduku mawili na ulimi ambao marehemu mama alikuwa akisema utaniponza. Kwetu Uchaggani binti hagawiwi kihamba. Ardhi ile ya ukoo yenye migomba na kahawa ni ya mtoto wa mwisho wa kiume, na mdogo wangu alilijua hilo tangu akiwa ananyonya. Sikukitaka kihamba chake. Nilimwomba Baba shamba la chini, lile la tambarareni, upande wa barabara ya Holili, ambalo lilikuwa limechoka mpaka mahindi yake yakawa yanatoa magunzi tu.

Baba alifikiri siku tatu. Kisha akaniita mbele ya mdogo wangu.

"Nakupa misimu miwili ya masika," alisema. "Likikulisha, ni lako. Lisipokulisha, mdogo wako alikate viwanja auze kama anavyotaka."

Mdogo wangu akatabasamu. Katika watu wote ninaowajua, hakuna anayetabasamu vibaya kama yeye.

Bwana shamba wetu ni mwanamke mfupi, mkali, mwenye pikipiki. Alipolichimba shamba langu, udongo ulitoka vipande vipande kama matofali yaliyovunjika. Aliguna, akafungua mkoba, akanitolea mbegu nyeusi zinazong'aa.

"Dada, hapa usipande mahindi mwaka huu. Panda mukuna. Iache itambae ifunike udongo msimu mzima, halafu uifyeke ioze hapohapo. Ni ndugu yake upupu, ila hii haiwashi."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu. Nimepewa misimu miwili, halafu mmoja niumalize kwa kupanda majani yasiyoliwa! Usingizi ulinipaa. Lakini nilikuwa nimekwisha kuuona ule udongo kwa macho yangu, na nilijua mahindi nikiyapanda pale nitakuwa nimemkabidhi mdogo wangu shamba kwa mikono yangu mwenyewe. Nikapanda mukuna.

Ilitambaa kana kwamba imetumwa. Kabla msimu haujaisha hukuona udongo tena, ni kijani kitupu, na maua ya zambarau yakining'inia kwa vishada. Nilikuwa nikisimama kando nikiyatazama tu, nikijisikia tajiri. Kisha maua yakawa maganda, na maganda yakaota manyoya.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ng'ombe wetu wa mlimani hufugwa bandani, kwa hiyo wanawake huteremka tambarareni kukata majani na kuyapandisha kichwani, yakiwagusa shingo na mabega. Njia yao inapita kando ya shamba langu. Mmoja wao aliyaona yale maganda. Hakuna aliyekulia huku asiyeujua upupu, kwa sababu hakuna ambaye hakupakwa shuleni. Jioni ile kijiji kizima kilikuwa na habari.

"Mae! Anataka kutuua kwa kujikuna!"

Mwenyekiti wa kitongoji alimwendea Baba. Baba akaamua: Jumapili, baada ya misa, watu waje uani kwetu. Ikithibitika ni upupu, utang'olewa, na shamba litakwenda kwa mdogo wangu siku hiyohiyo.

Jumapili ilifika na ua ukajaa. Mdogo wangu alikuwa amejitolea kuleta ushahidi. Alitokea amevaa koti la mvua lililofungwa hadi kidevuni, mabuti ya mpira, na soksi mikononi, jua likiwaka, huku akibeba gunia kwenye ncha ya mti mrefu. Alilimwaga katikati ya ua. Watu wakarudi nyuma kana kwamba amemwaga nyoka.

Niseme kweli: na mimi niliogopa. Majani nilikuwa nimeyashika mara nyingi, lakini yale maganda nilikuwa nayakwepa kama wao. Nilichokuwa nacho ni neno la yule bwana shamba tu. Nikamtazama mdogo wangu. Alikuwa ameanza kutabasamu.

Basi hasira zikanisaidia. Nilikuwa na gauni langu la misa, la mikono mifupi. Niliokota ganda nikajisugua mkono, nikajisugua shingo, na kwa vile nikianza jambo sijui kuishia katikati, nikajisugua mashavu yote mawili.

Watu wakanyoosha shingo kunitazama.

"Subirini," alisema mdogo wangu. "Inakuja."

Tulisubiri. Niliisikiliza ngozi yangu kuliko nilivyowahi kusikiliza mahubiri. Hakuna kitu. Mama mmoja wa mbele akajikuna kiwiko. Mwenyekiti akajikuna mgongo kwa fimbo yake. Ghafla mdogo wangu, ndani ya lile koti, akaanza kujikuna shingo kwa soksi zote mbili.

"Mnaona! Unaruka na upepo!"

Baba alinyanyuka. Alilichukua ganda mkononi mwangu, akajisugua chini ya kidevu, akangoja, kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Sasa wewe uliyejifunika," alimwambia, "ndiye unayewashwa?"

Kicheko kilichopasuka pale nadhani walikisikia Moshi mjini. Nilicheka mpaka nikakaa chini na gauni langu la misa.

Masika ya pili nilipanda mahindi katikati ya mukuna niliyokwisha kuifyeka, na mvua ilichelewa kuja ikawahi kuondoka. Mahindi ya jirani yalinyauka yakiwa yanatoa mbelewele. Mimi nilichomeka kidole kwenye udongo chini ya yale majani yaliyooza, kikazama, kikatoka na unyevu. Tulipovuna, magunia yaliziba mlango wa nyuma. Wale wakata majani walikuja mmoja mmoja kuomba mbegu za mukuna. Wote niliwapa, ila yule aliyeanzisha maneno nilimfanya aombe mara mbili. Mimi si malaika.

Siku chache baadaye Baba aliteremka shambani, yeye ambaye magoti yalikuwa yamemzuia miaka mingi. Mdogo wangu alimfuata nyuma amebeba miche ya isale. Kwetu isale ndilo alama ya mpaka, na baba humpandia mwanawe wa kiume. Sikuwa nimewahi kuona likipandwa kwa ajili ya binti. Baba alikataa kusaidiwa jembe. Alipanda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, akihema. Mimi nilikuwa nalia kwa sauti wala sikuona aibu.

Kwenye kona ya nne alimwita mdogo wangu apige magoti ashindilie udongo kwa mikono.

"Huu ni mpaka wa dada yako," alimwambia. "Ukitaka kuuvuka, utapiga hodi."

"Ndiyo, Baba."

Nilifuta machozi nikamwambia arudie, sikusikia vizuri.

Alirudia.