Mtoto Aliyesikia Feni

Saa moja na robo asubuhi, kengele haijalia bado. Mwalimu amekaa kwenye kiti kifupi cha watoto, magoti yamekaribia kidevu, anafuta vioo vya vishikwambi viwili kwa kitambaa chenye unyevu. Kimoja kina ufa wa pembe hadi pembe. Anagusa picha ya kikombe, na kifaa kinatamka kwa sauti ya mwalimu mwenyewe: "Maji."

"Nikikuta chaji imeisha, siku yangu imeharibika," anasema. "Nitamwambia nini mtoto? Kwamba leo mdomo wake umelala?"

Ana watoto kumi na mmoja wenye usonji katika chumba kimoja. Wenzake wanamwita Bi Vitufe. Jina lilianza kama kejeli, siku hizi hata mkuu wa shule analitumia.

Vishikwambi hivyo vilikuwa vimetupwa. Kaka yake, fundi wa simu, alivifufua akaweka programu ya picha: mtoto akibonyeza picha, neno linasikika. Maneno yenyewe mwalimu aliyarekodi nyumbani, mia tatu na kumi na mawili, akiwa amejifungia bafuni kukwepa kelele.

"Mume wangu alikuwa anagonga mlango, 'Mke wangu, unaongea na nani humo?' Namjibu, 'Na darasa.' Akaenda kumwuliza kaka yangu kama niko salama."

Kisha akaletwa binti wa miaka minane ambaye hajawahi kutamka neno. Kila asubuhi, dakika chache baada ya kuingia darasani, aliziba masikio, akajitupa chini ya meza na kulia mpaka sauti ikamkauka.

Mama yake, mshona nguo, alishaambiwa kila kitu: deko, mashetani, malezi mabovu. "Jirani alisema nimchape kidogo, akiogopa atatulia," anasimulia huku akitazama mikono yake. "Nikamchapa. Mungu anisamehe. Hakutulia."

Mwalimu naye akaingia chini ya meza. Miezi saba, kila asubuhi, alijikunja humo na kishikwambi mapajani, msaidizi wake akiwashughulikia wengine.

"Sikumwambia hata mara moja 'sema'. Mimi ndiye niliyeongea kwa vitufe. Nikiwa na kiu, nabonyeza maji. Mgongo ukiniuma, na uliniuma kwelikweli, nabonyeza inauma. Yeye alikuwa hata hanitazami."

Jumanne moja, katikati ya kilio, mkono mdogo ukanyooka. Kidole kikagusa picha ya sikio.

"Sauti," kifaa kikasema.

Kidole kikahama. "Inauma." Kikahama tena. "Juu."

Mwalimu akainua macho. Juu hapakuwa na kitu ila feni, inazunguka kama siku zote. Yeye hakusikia chochote. Hata hivyo alitoka chini ya meza, akaizima.

Mapanga yakapunguza mwendo, yakasimama. Kilio nacho kikakatika. Binti akatoka taratibu, akaenda kukaa kwenye kiti chake, ambacho kwa miezi saba alikuwa amekikalia siku chache tu, akatulia kama maji mtungini.

"Hapo ndipo nikakumbuka," mwalimu anasema. "Siku ambazo umeme ulikatika, hakulia. Tuliona, ila hakuna aliyeunganisha."

Kesho yake fundi umeme alikuja na ngazi, akinung'unika kwamba ameitwa na mtoto asiyesema. Aliposhuka alifungua kiganja, akaonyesha boliti iliyolika mpaka ikabaki nyembamba kama msumari.

"Ilikuwa inasagika chuma kwa chuma," alisema. "Mlio wake mimi siupati. Lakini feni hii ilikuwa inakaribia kuanguka, Mwalimu. Wiki hii au ijayo, sijui."

Chini yake zilikuwa meza nne za watoto. Mwalimu alizihesabu, kisha akazihesabu tena.

Mama alipoitwa, binti alimbonyezea: "Mama. Njoo. Kaa." Akaja, akakaa, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Kisha akasema, "Nashukuru, Mwalimu, wala sina cha kukulipa. Ila mwanangu anaongea kwa sauti yako."

Neno hilo halikumtoka mwalimu kichwani. Sasa anapanga kwamba kabla mwaka wa shule haujaisha, kila mtoto apate maneno yaliyorekodiwa na mtu wa nyumbani kwao.

Jumamosi hii wameanza. Mama amekuja na binti yake mkubwa, wa miaka kumi na miwili, atakayemwazima mdogo wake sauti. Mwalimu anafunga madirisha, kisha anamwuliza mama waanze na neno gani. Mwenyewe ameshafungua picha ya neno mama.

Mshona nguo anatikisa kichwa.

"Sitaki," anasema. "Tuanze na sitaki. Miaka tisa sasa, hajawahi kukataa kitu tukamwelewa."

Dada mtu anasogeza kishikwambi mdomoni, anavuta pumzi.