Upepo Tumboni mwa Yotamu

Wifi yangu Esta alikuwa mtu wa kuchoka kimya kimya. Tangu kaka yangu Timotheo amlete hapa Nyololo, sijamwona amekaa bila kitu mkononi. Timotheo alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, anakuja nyumbani Jumapili moja na kuiruka nyingine. Esta alibaki na mama, na mimi, na pareto ya kuchuma.

Mwaka ule alikuwa na mtoto wa pili, Yotamu, wa miezi miwili. Yule wa kwanza alilia sana, mama akasema maziwa ya Esta yamechacha. Akaachishwa ziwa, akapewa uji wa ulezi. Akaharisha, akakonda, tukamzika kabla mahindi hayajakomaa. Hakuna aliyemlaumu mama. Ila Yotamu naye alipoanza kulia kila alasiri, miguu ameikunja, tumbo limekaza kama ngoma, Esta akawa haangalii upande ulipo ulezi.

Siku zake zilifanana. Asubuhi alinyonyesha, akamwacha mtoto kwa mama kwa sababu ya ukungu, akaenda kuchuma. Alirudi jua limepinda, maziwa yamejaa mpaka gauni limelowa. Mtoto naye ameshalia mpaka sauti imekauka.

Kwetu mwanamke akitoka juani hukamua kwanza maziwa ya mwanzo chini, kwamba yamepigwa jua, ndipo anyonyeshe. Esta alikuwa ameacha kukamua. Aliniambia mwenyewe: akimwaga hata tone, mama atasema si mnaona, hata yeye anajua ni mabaya. Kwa hiyo Yotamu alinyonya kama mtu anayekimbizwa, anapaliwa, maziwa yanamtoka puani. Akimaliza tu, Esta anamfunga mgongoni kwa mbeleko, anakaza, anachukua ndoo kwenda kisimani. Wakirudi, mtoto anapiga kelele.

“Analia kama lori linapanda mlima,” mama alisema siku moja. “Jumapili Timotheo akija tutaongea. Huyu aanze uji.”

Esta alitua ndoo.

Ijumaa tulikwenda kununua chumvi kwenye duka la Alawi, kando ya barabara. Mkewe, Bi Mwamvita, ni mtu wa pwani, kalea watoto saba na maneno hayamwishi. Yotamu alikuwa akilia mgongoni. Bi Mwamvita akamtazama Esta usoni zaidi ya alivyomtazama mtoto, akasema amfungue. Akamlaza begani kwake, wima, akamsugua mgongo taratibu huku anaendelea kumsimulia Esta habari za wateja. Mara Yotamu akacheua kama mzee aliyeshiba. Akanyamaza.

“Akimaliza kunyonya unamfanyaje?” Bi Mwamvita akauliza.

“Namfunga mgongoni.”

“Papo hapo?”

“Maji yananingoja, Bi Mwamvita.”

“Mwanangu, unamfungia upepo humo humo ndani. Maziwa hayana kosa.”

Akamweleza kwamba mtoto akicheleweshwa mpaka alie sana, anameza hewa pamoja na maziwa. Na titi likijaa kupita kiasi maziwa yanatoka kwa nguvu, mtoto hawahi kumeza. Akamue kidogo kwanza, kisha amnyonyeshe kichwa kikiwa juu, akimaliza amweke begani mpaka acheue. Tumbo likikaza, amlaze chali amkunjie magoti tumboni polepole.

Njiani Esta akasema, “Yote nitayaweza. Kukaa kumngoja ndiko nisikoweza.”

Jumamosi alirudi kutoka kuchuma, akaketi kwenye jiwe mbele ya mlango, akakamua chini. Mama alikuwa anapepeta, akasimamisha ungo. Esta aliona, akaendelea. Akanyonyesha, akamweka mtoto begani, akabaki hapo.

“Ndoo iko tupu, Mama Yotamu,” mama akasema.

“Ngoja acheue, mama.”

“Na asipocheua tutapika kwa mate?”

“Yule wa kwanza sikumngojea,” Esta akasema. Sauti haikupanda. Alisema kama mtu anayetaja siku ya gulio.

Mama alikaa na ungo wake. Kisha akainuka, akakung'uta pumba kwenye kitenge, akanyoosha mikono.

“Mlete huku. Wewe nenda maji.”

Esta akaenda. Mama akatembea na Yotamu uani, akimpiga mgongoni kwa nguvu zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, mpaka akacheua, na maziwa kidogo yakamchuruzikia mama shingoni. Hakuyafuta. Aliyagusa kwa kidole, akakinusa, akamtazama mtoto.

Jumapili Timotheo alifika, akauliza mtoto anaendeleaje. Mama akamjibu kwamba ananyonya, na kwamba siku hizi kumcheusha ni kazi yake yeye bibi, hamwamini mtu mwingine. Habari ya uji hakuigusa. Esta hakusikia. Alikuwa amesinzia pale pale alipokaa, kisu na kiazi mkononi.