Pasi ya Tatu

Damu ya kwanza kumwagika kwenye meza yetu ilimwagika kwa sababu ya injini iliyozimika. Mwalimu wa sekondari, ambaye hajawahi kuendesha ndege isipokuwa kwenye kompyuta yake, alisema injini ikizimika mara tu baada ya kuruka, rubani mwenye akili anageuza na kurudi uwanjani. Fundi akamwambia hapana, unakwenda mbele, hata kama mbele ni ziwa. Mwalimu akacheka, akasema huo ni woga wa watu wa zamani. Sasa, fundi alikuwa amewahi kumwokota rubani mmoja aliyejaribu kugeuza, akamtia kwenye mifuko miwili ya sandarusi, na kicheko kile hakukipenda. Alimpiga mwalimu chupa ya soda juu ya jicho. Jumamosi iliyofuata mwalimu alikuja na nyuzi zake usoni, akaagiza soda ileile, tukaendelea na mazungumzo pale tulipoishia.

Ndivyo tulivyokuwa. Meza yenyewe ilikuwa ya mama mmoja anayeuza sato wa kuchemsha karibu na uzio wa uwanja wa ndege wa Musoma. Tulikuwa wanne. Fundi ni mzaliwa wa Butiama, alitengeneza ndege ndogo maisha yake yote na alistaafu na vidole vinane. Mwalimu nimeshamtaja. Mimi ni rubani mstaafu, nakaa Iringo, nina mgongo mbovu na mdomo usio na breki. Wa nne alikuwa mkulima wa pamba kutoka Nyasura, Bunda, aliyekuja kila Jumamosi kwa basi, akanywa chai ya rangi, akasikiliza.

Tulikuwa na sheria moja. Mtu akisimulia safari aliyoirusha mwenyewe, sharti aje na kitabu chake cha safari, kile ambacho rubani huandika kila anaporuka: ndege gani, kutoka wapi, muda gani, nini kilitokea. Kitabu kinawekwa mezani, wengine wanasoma. Hadithi bila kitabu tuliihesabu uongo, na mwongo alinunulia meza nzima samaki. Mimi nilikuwa na vitabu vitano, na nilivibeba kama mchungaji anavyobeba Biblia.

Yule wa Bunda hakuwa na kitabu, lakini alikuwa na masikio. Ndege ikiwa bado haijaonekana juu ya ziwa, alifumba macho akatuambia: injini moja, imebeba mzigo mzito, na kuna silinda moja haichomi vizuri. Ndege ikitua, fundi anakwenda kuulizia, anarudi akitikisa kichwa. Siku moja tulimuuliza amejifunzia wapi. Alijibu, porini. Tulicheka sana, tukaona huyu naye kumbe ana utani.

Nitasema mapema alichokuwa anakitafuta, maana sipendi hadithi za kufichaficha. Alikuwa anamtafuta mdogo wake. Miaka tisa kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, wawili hao waliingia hifadhini, upande wa mashariki ya Bunda, kutafuta nyama. Mkubwa alikamatwa. Askari wa doria walimvunja vidole vya mkono wa kushoto kwa kitako cha bunduki, kimoja baada ya kingine, wakimuuliza mwenzake yuko wapi, kisha akafungwa miaka miwili. Alipotoka alikuta mdogo wake hajarudi nyumbani. Pale kwao mtu asiyeonekana maiti yake huzikwa mgomba badala yake, ili msiba uishe. Mama yao alikataa. Alisema hatazika mgomba mpaka aje mtu aliyemwona mwanawe mara ya mwisho, amwambie kwa mdomo wake. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye, lakini wewe yajue sasa, umsikilize yule mtu vizuri kuliko nilivyomsikiliza mimi.

Kwa sababu aliyemwona mara ya mwisho ni mimi.

Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta wawindaji haramu kutoka juu. Nilirusha kindege chepesi kilichovikwa kitambaa, viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Nikiwaona, naita askari wa chini kwa redio, halafu nawashikilia watu palepale mpaka askari wafike. Unawashikiliaje watu ukiwa angani? Unashuka mpaka magurudumu yanagusa ncha za nyasi, unamwelekea mtu, na ukifika juu ya kichwa chake unafungua injini mpaka mwisho. Kelele ile inamlaza mtu chini. Wengine hujikojolea. Tuliita kupiga pasi, maana mtu anabaki chini amenyooka kama shati.

Sitasema niliifanya kazi ile kwa huzuni. Niliipenda. Nilipenda kuona watu wazima wakitawanyika, nikapenda zaidi kuchagua mmoja. Kutoka juu watu wote ni migongo, na mgongo haukuangalii. Halafu wiki moja kabla ya siku niliyomwona mdogo wake, mshale ulitoboa tumbo la ndege yangu, ukapita katikati ya mapaja, ukakwama kwenye kiti. Ulikuwa na sumu nyeusi, bado mbichi. Niliutazama mpaka natua, na nilipoteremka woga ulikuwa umeshageuka chuki. Niliahidi nafsi yangu kwamba wa kwanza nitakayemkuta atanilipa.

Siku ya pili ya mvua kubwa nikawakuta. Na hadithi ya siku ile ndiyo iliyokuwa hadithi yangu maarufu pale mezani. Niliisimulia labda mara ishirini. Jamaa ana nyama begani, nampiga pasi ya kwanza, anatupa nyama. Nampiga ya pili, anatupa na suruali, anakimbia mtoni uchi, anaruka ndani kama chura, anaogelea kwenda kwa mama yake. Hapo nilisimama nikaonyesha mbio zake, nimeshika makalio kwa mikono miwili, na mwalimu alicheka mpaka anakohoa. Kitabu kiko mezani, ukurasa wazi: doria, saa mbili na dakika kumi, kawaida. Yule wa Bunda hakucheka hata mara moja. Nilidhani ni mgumu wa kuelewa vichekesho.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia, upepo wa ziwani ulikuwa mkali, na ndege tuliyoingojea ilikuwa imeahirishwa. Tulikuwa tumechoka kuzungumzia upepo. Yeye mwenyewe akaniomba, kwa adabu, nisimulie ile ya mtu wa mtoni. Nikasimulia. Nilipofika kwenye chura, nikakaa kungoja kicheko, na mwalimu akakitoa.

Yule mtu akaweka kikombe chini.

"Kapteni," akasema, "hiyo hadithi mimi naijuaga yote. Lakini unasemaga ulipita mara mbili. Mimi nilihesabu tatu."

Nikamuuliza alihesabu akiwa wapi.

"Nilikuwa nimelala kwenye nyasi, kama kutoka hapa mpaka kwenye ule uzio. Yule hakuwa na nyama. Nyama nilibeba mimi. Yeye alikimbilia kwenye miti ya mtoni, sikumwona tena, lakini injini nilisikia. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Halafu ukazunguka mbali, ukarudi polepole, ukafungua. Hiyo ya tatu ulikuwa unamfanya nini mdogo wangu?"

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilimpiga. Nilimpiga ngumi ya mdomo, nikiwa bado nimeketi, kwa sababu ngumi ilikuwa karibu kuliko jibu. Alitema damu kwenye kikombe chake, akasimama, akanishika ukosi kwa ule mkono wa vidole vilivyopinda. Wa kulia aliutumia kunipiga. Meno mawili yalitoka kwa pigo la kwanza. La pili lilinibamiza kwenye meza, bakuli la sato likapinduka, mchuzi wa moto ukaniingia sikioni na shingoni. Nikavuta mguu wake, tukaanguka wote kwenye changarawe. Nilimng'ata mkono mpaka nikasikia mfupa. Hakuniachia. Alinikalia kifuani, akaweka goti chini ya kidevu changu, akawa ananikandamiza taratibu, bila matusi, kama mtu anayefunga mzigo.

Mwalimu alitaka kuja kuamulia. Fundi alimshika mkono.

"Waache," alisema. "Njia ya mwongo ni fupi, na huyu amefika."

Halafu fundi akafanya jambo lililoniuma kuliko meno. Alichukua kitabu changu kutoka kwenye mchuzi, akakifuta kwa shati lake, akasoma ukurasa ule kwa sauti. Doria. Saa mbili na dakika kumi. Kawaida. Akaniuliza, fundi kwa rubani, mtu akipita mara tatu juu ya kichwa kimoja, hiyo inaandikwaga kawaida?

Goti likalegea kidogo, nikapata hewa. Ningeweza kudanganya tena. Nilikuwa na uongo wa kutosha, nimeuzoea, ungetoka wenyewe. Lakini yule mtu alikuwa analia huku amenikalia, machozi yanaanguka usoni kwangu, na kwa mara ya kwanza sikuwa naangalia mgongo.

Nikamwambia.

Nilimwambia kwamba pasi ya kwanza na ya pili zilimtoa mdogo wake kwenye miti zikampeleka ukingoni. Mto ulikuwa umefurika, maji mekundu, magogo yanapita. Hakuruka kama chura. Hakuvua suruali. Alisimama akaigeukia ndege, akainua mikono yote miwili. Alikuwa amejisalimisha. Nilimwona vizuri, ana shati la kijani, mdomo uko wazi, anasema kitu. Nilipaswa kupanda juu, nizunguke, nimngoje askari aje amchukue. Nilizunguka mbali, hilo ni kweli, na katika kuzunguka kule nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilifikiri juu ya mshale. Kisha nikashuka kuliko nilivyowahi kushuka, magurudumu usawa wa kifua chake, nikafungua injini yote. Alirudi nyuma hatua moja. Nyuma hapakuwa na kitu. Nilipogeuza nikaona shati limenasa kwenye gogo pale mto unapokunja kuelekea ziwani, na mkono mmoja, kisha gogo likajigeuza. Askari wa chini walipouliza kwenye redio, niliwaambia yule wa pili ametoroka. Nikarudi, nikala ugali, nikaandika kawaida.

Mama wa samaki alikuwa amesimama na mwiko mkononi. Yule mtu aliondoka kifuani kwangu, akakaa chini pembeni yangu, akapangusa uso kwa mkono niliomng'ata. Akaniuliza ule mkunjo uko upande gani wa daraja la mto ule. Nikamweleza. Akauliza shati lilikuwa la kijani kweli, nikasema la kijani. Akasema ni yeye aliyemnunulia, mnadani.

"Sitakuua," akasema. "Ningekuwa nataka kukuua ningekuua mwaka juzi. Kesho unakuja kumwambia mama."

Nilikuwa na nafasi ya kukimbia, usiniulize kwa nini sikukimbia. Asubuhi fundi alinipitia Iringo kwa pikapu yake, nikiwa na uso uliovimba kama andazi. Tulipita Makutano, kwenye njia ya kwenda kwao Butiama, na nilitamani akate kona. Hakukata. Polisi nilikwenda Jumatatu, na hayo ni ya polisi.

Nyasura, uani kwao, walikuwepo wanaume kama saba na mapanga, na shimo lilikuwa limeshachimbwa. Nilitazama shimo, nikajiuliza ni la nani. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, mdogo wa mwili, kitambaa cheupe kichwani. Nikampigia magoti, nikamwambia shikamoo. Hakuitikia. Katika maisha yangu nimepigwa na watu wengi, lakini sijawahi kupigwa hivyo.

Nilimweleza yote, mwanawe akitafsiri kwa lugha ya kwao. Sikuruka kitu. Nilipofika kwenye mikono, alinikatisha. Alisema neno moja fupi.

"Anasema inua," mwanawe akaniambia. "Inua kama alivyoinua."

Nikasimama, nikainua mikono miwili. Mama naye akasimama. Akaja kwangu moja kwa moja, bila fimbo, bila haraka, haachi kunitazama usoni, akaja mpaka nikahisi pumzi yake kifuani. Sikukusudia. Mguu wangu wenyewe ulirudi nyuma hatua moja.

Akatazama ule mguu kwa muda. Kisha akawageukia wanaume, akawaambia wakate mgomba.

Walikwenda nyuma ya nyumba. Nikasikia panga la kwanza likiingia kwenye mgomba, na la pili, na la tatu. Mikono yangu ilikuwa bado juu, na hakuna aliyeniambia niishushe.