Tuliigiza kuanzisha boma kwa ajili ya makumbusho, sasa mimi ndiye mkazi wa makumbusho

Wakuu, salamu kutoka huku ziwani.

Mimi ni msomaji wa kimya hapa. Nimecheka sana na shida za watu, halafu nikalala vizuri. Leo ni zamu yenu kunicheka. Haya yamenitokea mimi mwenyewe, na anayebisha aje huku Suba nimuonyeshe nyumba yangu.

Ila aje kabla ya saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo tunafunga.

Mtaelewa mbele.

Mji wetu ni mdogo, ukipita Kisegi unateremka mpaka kwa maji. Kuna soko, kuna beach ya samaki, kuna makanisa mengi kuliko watu wa kuyajaza. Na kuna chama cha historia. Kilianzishwa na mwalimu mkuu mstaafu ambaye alichoka kukaa nyumbani na mke wake, na mke wake akachoka zaidi. Yeye ni mwenyekiti. Mimi ni katibu, kwa sababu nina laptop.

Mali yote ya chama ilikuwa vyungu, karabai moja, fuvu la kiboko, na risasi. Hiyo risasi nusu ya wanachama wanasema ni ya wakati wa vita vya Mjerumani. Nusu nyingine wanasema ni kipande cha baiskeli. Kuna watu wazima na akili zao hawasalimiani mpaka leo kwa sababu ya hicho chuma.

Basi siku moja mwenyekiti akaja na wazo kubwa. Tujenge boma zima la kienyeji, saizi kamili. Kuta za udongo, paa la nyasi, zizi, ghala, lango, na nyumba tatu za wake watatu, ya mikayi, yaani mke wa kwanza, ikitazama lango. Watoto waone jinsi babu zao waliishi.

Shida ilikuwa shamba.

Hapo baba yangu akasimama. Mzee huyu hajawahi kumwazima mtu hata jembe. Akasema ana kipande chake karibu na maji, chama kijenge, hataki kitu. Watu walipiga makofi, na Jumamosi, sisi ni Wasabato, akaombewa kanisani.

Mimi kama mwanawe ningejiuliza. Sikujiuliza.

Sasa kwa wale wasio wa huku, ngoja nieleze kidogo, bila hii hamtashika kitu. Kwetu Waluo, kijana akioa anakaa kwenye simba, kanyumba kake ndani ya boma la baba. Siku ikifika, baba anamtoa akaanzishe boma lake. Tunaita golo dala, dala ikiwa ni boma. Mnatoka asubuhi mapema, baba anatangulia, wewe una shoka, mtoto wako wa kiume wa kwanza amebeba jogoo, mke amebeba moto. Baba anaonyesha mahali, mnaingia, mnawasha moto, mnalala huko. Na ukishatoka hivyo, hurudi tena kulala kwa baba. Imeisha.

Baba akifa kabla hajakutoa, ndugu zake wanaweza kukutoa. Inakubalika. Lakini kila mzee anataka kumtoa mtoto wake kwa mkono wake.

Mimi nilikuwa bado kwa simba. Na mvi kichwani.

Si kwamba nilikosa mpango. Nilitaka nyumba ya maana, karibu na barabara, yenye mabati na stima. Matofali nilikuwa nayo, yameota nyasi. Kila mwaka mzee akiniuliza, namwambia, baba ngoja kidogo.

Turudi kwa chama. Boma lilipokamilika, mwenyekiti akataka siku ya ufunguzi wageni kutoka kaunti waonyeshwe golo dala live. Mtu akapendekeza vijana wa drama wa kanisa. Mwenyekiti akakataa kabisa.

"Sitaki watu wa kuigiza mimi. Nataka baba wa ukweli, kijana wa ukweli, bibi wa ukweli. Picha zitoke authentic."

Kikao chote kikageuka kuniangalia. Nani mwingine alikuwa na baba hai, mke, mtoto wa kiume, na hana boma? Nikakubali. Nilijiona hata nimepewa heshima.

Wakuu, kosa letu lilikuwa hapo hapo. Tuliona viti vya plastiki na spika, tukadhani ni show.

Siku yenyewe wageni walikuwa waje saa nne. Mzee akatuamsha kabla jua halijatoka. Amevaa koti. Nikamwambia baba, program inaanza baadaye. Akasema hii kitu hufanywa asubuhi, tukatoka. Mke wangu Atieno alibeba moto kwenye kigae cha chungu, na nyuma yake mkokoteni umebeba godoro, unga na nguo za watoto. Nikamsifu kwa kuzingatia detail. Akanipita, akaendelea kutembea.

Mzee alituongoza mpaka pale, akaonyesha mahali, akaongea maneno ya baraka kwa sauti ya chini. Jogoo akawika. Mpiga picha alikuwa bado anatafuta betri.

Wageni walipofika, mwenyekiti akamwomba mzee arudie. Mzee akasema mtu haanzishi boma mara mbili. Mwenyekiti akacheka sana, akawaambia wageni kwenye mic kwamba huyu mzee ameingia kwenye role kabisa.

Jioni nimechoka, nikaenda zangu kwa simba. Nikamkuta baba amesimama langoni.

"Unaenda wapi?"

"Kulala, baba."

"Kwako ni kule."

"Ile ilikuwa maonyesho."

"Nani alikuambia?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti ndio baba yako?"

Akashika nguzo ya lango, akaiegemea.

"Nyathina," akasema, yaani mtoto wangu, "kila mwaka ni matofali, matofali. Nitakutoa nikiwa kaburini? Mimi leo nimefanya kazi yangu. Nyinyi wengine sijui mlikuwa mnafanya nini."

Nilikasirika, siwafichi. Nikampigia Atieno simu aje tuongee na mzee pamoja. Akaniambia nirudi makumbusho, ugali unapoa. Alikuwa anajua tangu siku shamba lilipotolewa. Amechoka kupika ndani ya boma la mama mkwe, na mimi nilikuwa mtu wa mwisho mji mzima kujua nimehama.

Kesho yake kikao cha dharura. Mwenyekiti alinifokea kwamba nimenyakua makumbusho. Mwingine akasema ulikuwa mpango wa familia, nilijengewa nyumba na chama kwa ujanja. Nikawaambia kama ningekuwa na ujanja ningechagua plan yenye choo ndani.

Mweka hazina akasema basi nitolewe. Akauliza nani ataenda kutoa kitanda cha mtu kwenye dala ambayo baba yake amemwekea moto. Watu waliangalia viatu. Wote ni watoto wa hapa, wanajua ni mwiko, hakuna aliyetaka mkono wake uwe wa kwanza. Hata mweka hazina mwenyewe alikumbuka ana mgonjwa wa kuona.

Tukafika makubaliano. Mchana ni makumbusho, jioni ni kwangu.

Wakuu, maisha yangu ni haya. Gesi imefichwa kwenye ghala la mtama. Sufuria haziruhusiwi kuonekana. Solar iko nyuma ya zizi, imefunikwa gunia. Kwa kitanda changu kuna kibao cha USIGUSE. Juzi wanafunzi wa bweni walikuja kutoka upande wa Asumbi, wakanikuta nimelala usingizi wa mchana, na mwalimu wao akawaeleza kwa sauti ya chini kwamba wanaume wa zamani walipumzika hivi. Wakaandika.

Halafu mwenyekiti akaleta agenda kwamba wageni wanauliza kwa nini nyumba za mke wa pili na wa tatu ziko tupu. Akasema authentic ni authentic. Atieno aliingia kikaoni na lile shoka, akauliza ni nani hasa anayeuliza. Agenda ikafungwa.

Sasa sikieni hili, ndilo limenifanya niandike.

Wiki iliyopita kulikuwa na wageni kutoka Migori. Guide wetu anawazungusha, amefika kwangu, anasema kama kawaida, "Hili ni boma la mfano la kienyeji." Baba alikuwa amekuja kunisalimia, ameketi kwa kiti nje. Siku hizi kutembea kunamchosha, anapumzika mara nyingi njiani. Akanyanyua fimbo.

"Hapana. Si mfano. Hii ni dala ya kijana wangu."

Akanitaja jina. Akalitaja lake, la baba yake na la babu yake. Kisha akawaambia wale wageni, watu asiowajua kabisa, "Nilimtoa mimi mwenyewe. Nikiwa hai."

Nilikuwa mlangoni na kikombe cha chai. Niliingia ndani nikalia kidogo, wakuu, nyuma ya kibao.

Nilichojifunza: kama una jambo la kufanya na mzazi wako, lifanye angali anaweza kutembea mbele yako. Nyumba ya stima itakuja ama haitakuja. Pia, msiigize mila mkiwa na wahusika wote kamili.

Karibuni kwa maoni, matusi na ushauri. Na kama kuna mtu anajua jinsi ya kuficha dish ya TV kwenye paa la nyasi, aje inbox. Atieno ameanza kuuliza.