Injini ya Marehemu Nzuki

Nzembi wa soko la Muthetheni hajawahi kushika gitaa, lakini yuko ndani ya kila kaseti iliyorekodiwa hapo sokoni toka tisini na mbili mpaka elfu mbili na nne. Kazi yake ni kusaga posho. Nyuma ya mashine yake, ukuta mmoja tu katikati, ndipo palipokuwa na studio ya Nzuki, yule prodyuza ambaye bendi zote za huku zinasema ndiye aliyezizaa.

Nzuki alirekodi kwa betri ya lori, na betri ilichajiwa na injini ya Nzembi. Injini ikizimwa, kaseti inavuta, mwimbaji anatoka na sauti ya fahali mgonjwa. Kwa hivyo walirekodi mahindi yakisagwa. Nzuki alitundika mablanketi na magodoro ukutani, wapi! Ule mlio wa tu-tu-tu ukaingia kila wimbo, na watu wakauzoea mpaka harusini wakawa wanaucheza.

Nzuki akafa. Mwaka wa pili, stima ikafika sokoni. Nzembi alifurahi kuliko wote. Ile injini huwashwa kwa kuzungusha handeli, na handeli ilikuwa imesharudi nyuma ikamvunja kifundo cha mkono. Daktari alimwambia ikimpiga tena, huo mkono hautashika hata kijiko. Akanunua mota ya stima, ya kuwashwa kwa swichi.

Kabla haijafungwa, ikaja kamati ya kumkumbuka Nzuki kutoka Machakos mjini, watu watano na faili moja. Mimi nilikuwa nimepumzisha miguu hapo mlangoni. Mwenyekiti ni Masila, aliyempigia Nzuki gitaa miaka yote hiyo, amevaa koti na jua lile.

"Mwaitu," akamwambia Nzembi kwa heshima ya mama, "hiyo injini ni urithi. Ukiizima, unamzika Nzuki mara ya pili."

"Nzuki gani? Huyo alikuwa anakuja hapa kila asubuhi kunipigia magoti nimpunguzie kelele."

Katibu akaandika kwenye faili: Marehemu aliipigia injini magoti.

"Sawa," Nzembi akasema. "Kama ni urithi, washa wewe. Handeli ile pale."

Masila akaangalia vidole vyake. "Mwaitu, hivi ni vya kazi."

"Na mkono wangu ni wa mapambo?"

Akina mama wa foleni ya kusaga walicheka mpaka mmoja wao, Kalunde, akaketi juu ya mahindi yake. Kamati ikaamua kuandika barua.

Barua ikiwa bado inaandikwa, mota ikafungwa. Wiki hiyo hiyo Masila akaingia ile studio kurekodi wimbo wa kumkumbuka Nzuki. Mota inanguruma chini kwa chini tu, kwa hivyo ukuta ulipitisha kila kitu. Nyuzi za gitaa zilikuwa hazilingani kabisa. Akarudia. Hata hazikukaribiana.

"Woi!" Kalunde akasema. "Kumbe miaka yote alikuwa anapiga hivi?"

Masila akatoka, akasimama karibu na Nzembi. "Mwaitu, ile injini... nitaiwasha mwenyewe. Kwa kibwagizo tu."

"Iko nyuma ya choo. Ikikupiga, usiniite."

Siku hizi upande mmoja wa ukuta Nzembi anasaga kwa swichi, mkono wake mzima. Upande wa pili injini inapiga kelele bila punje ya mahindi ndani, Masila akiizungushia handeli na vidole vimefungwa vitambaa. Wimbo ulipochezwa redioni, mtangazaji akasema hatimaye amepatikana mtu anayeielewa sauti ya marehemu.